Chupa Iliyofukizwa Udi

Kila Alhamisi asubuhi, kwa muda wa miezi mitano ya mwaka wa 1966, babangu alitoka nyumbani kwa wakweze kule Kibokoni akiwa amebeba kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko. Ndani mlikuwa na chupa ya marashi iliyooshwa kwa maji ya moto, ikaanikwa, ikafukizwa udi, kisha ikafungwa kitambaa cheupe shingoni. Aliyekutana naye njiani angedhani anapeleka zawadi ya harusi. Chupani mlikuwa na mkojo.

Nacheka ninapoandika haya, na wala si jambo la kucheka, kwa sababu chupa hiyo ndiyo iliyomwua nyanyangu. Wengine katika ukoo wetu husema siku zake zilifika, basi. Mimi sina ulimi mtamu namna hiyo. Siku zake zilifika kwa sababu watu watatu waliopendana walioneana haya mpaka mmoja wao akafa, na nimewakasirikia wote watatu maisha yangu yote.

Babangu aliitwa Jaffar Athmani. Babake alikuwa karani kwenye gati la Mbaraki, na alitaka mwanawe naye awe karani, akae kitini na kalamu sikioni. Jaffar alipomaliza darasa la nane hakupata kiti wala kalamu. Alipata kazi ya kuosha chupa katika maabara ya hospitali moja pale kisiwani, na miaka kumi na miwili baadaye akawa yeye ndiye apimaye kilichomo. Barazani Kuze walimwita Jaffar Mikojo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekataa kupokea tende mkononi mwake hata zikiwa zimefungwa karatasi mara mbili. Baba hakujali, maana aliipenda kazi yake kama wenzake walivyoupenda mpira.

Alichokipenda ni kuwa mwili, kwake yeye, ulikuwa kitu cha kufahamika. Alikuwa na vitabu vya kemia alivyovinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akihama, na alivisoma kwa kamusi, neno baada ya neno. Mfupa wa kuku aliutia katika siki kwa siku kadhaa, kisha akamwonyesha mamangu jinsi unavyopindika. "Chokaa yote imeyeyuka, Khairiya," alimwambia. "Chokaa ndiyo inayotusimamisha." Siku nyingine alikamulia ndimu juu ya magadi, yakafura na kutoa povu jikoni kote, akasema hewa ile ile inayotoka kwenye povu ndiyo tunayoitoa puani kila tunapopumua, na kwamba mwili hujisafisha ukali wake kwa njia hiyo. Mama alimwuliza nani atayapangusa hayo magadi.

Walikuwa wameoana miaka minne. Baba, kama waume wengi wa Mji wa Kale, alihamia nyumbani kwa mkewe. Wao walikaa orofani, naye nyanyangu, Bi Mwanatumu, alikaa chini, katika chumba chenye pazia zito mlangoni. Dini haikumkataza mtu kumwona mama wa mkewe. Ni haya tu iliyokataza, na kwa nyanya haya ilikuwa na nguvu kuliko sheria. Kila asubuhi baba alisimama mbele ya pazia lile.

"Sabalkheri, mama."

"Sabalkheri, mwanangu Jaffar. Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi. Na nyinyi?"

"Twashukuru. Umekula?"

Alikuwa amekula. Nyanya alihakikisha kwamba mkwewe anapata kipande cha samaki kilicho karibu na kichwa, mkate wa kwanza kutoka jikoni, na maji ya mtungi uliofukizwa. Hakupata kuletewa kiporo katika nyumba ile. Wakati wote huo walionana uso kwa uso labda mara mbili, na mara zote mbili nyanya aliwahi kujifunika.

Kisha nyanya akaanza kunywa maji. Alimaliza mtungi kwa siku moja na bado akalalama kiu. Akakonda ilhali anakula. Mama akaona sisimizi wamejipanga chooni, wamesongamana pale penye tone la mkojo, na alipomsimulia mumewe kama jambo la ajabu tu, baba aliweka kikombe chini. Sisimizi wale walikuwa wameonja alichokuwa akikipima yeye kila siku kazini. Nyanya alilazwa wadi ya wanawake wiki moja, akahudumiwa na wauguzi wanawake, akaanza kudungwa insulini, akarudi nyumbani na nguvu zake.

Baba alimweleza mama mambo yalivyo, na mama naye alinieleza mimi kwa maneno yale yale. Wali, mkate, muhogo, vyote mwishowe huwa sukari ndani ya damu. Sukari ni kuni za mwili. Lakini kuni haziingii jikoni zenyewe, na insulini ndiyo inayofungua mlango. Isipokuwapo, kuni hurundikana nje katika damu mpaka figo zikazitupa kwa mkojo, na maji mengi na chumvi za mwili hufuatana nazo. Ndani, moto unazimika kwa njaa. Basi mwili huanza kuchoma mafuta yake wenyewe kwa pupa, na mafuta yakichomwa hivyo huacha ukali mwingi kwenye damu, ukali wa namna ya siki. Mtu hufa kwa ukali huo.

Kwa hiyo daktari aliagiza chupa moja ya mkojo kila Alhamisi, ili ajue azidishe sindano au apunguze. Kupima kwenyewe ni rahisi. Unachukua dawa ya buluu iliyotengenezwa kwa mrututu, unatia matone manane ya mkojo, unachemsha. Kama hamna sukari, buluu inabaki buluu. Ikiwamo, shaba iliyo ndani ya mrututu hugeuka, kwanza kijani, kisha manjano, kisha rangi ya chungwa, na ikizidi sana inakuwa nyekundu ya tofali.

Katika maabara ile alikuwapo Kalama, Mgiriama mtu mzima aliyekaa Buxton, aliyefanya kazi meza moja na baba kwa miaka mingi. Aliposikia habari ya chupa akasema, "Niachie mimi hiyo, Bwana Jaffar. Mkwe ni mkwe. Kwetu hata kiti alichokalia hukikalii."

Baba alikasirika. Aliona aibu kubwa mkojo wa mama wa mkewe kushikwashikwa na mtu baki. "Huyu ni mamangu," alisema. "Nitaupima mwenyewe, na hapana mkono mwingine utakaoigusa chupa hiyo." Alidhani hiyo ndiyo heshima, na akaenda kulitangaza mbele ya pazia ili mkwewe atulie moyo.

Nyanya alisikiliza, akashukuru. Baba alipokwisha kupanda juu, alimwita bintiye.

"Mkojo wangu, Jaffar autie motoni autazame? Mkwe wangu? Mimi n'tasema naye kwa mato yapi?"

"Mama, mwasema naye mukiwa nyuma ya pazia. Hawaoni."

"Pazia haliziwii hilo. Nipa wako."

"Wangu?"

"Wako. Wewe ni mkewe, hapana siri baina yenu. Na ukimwambia, Khairiya, radhi zangu huna. Si duniani, si akhera."

Mtu asiyezaliwa kwetu huenda asione uzito wa maneno hayo. Mama aliuona. Alichukua chupa akaingia chooni.

Alhamisi ya kwanza ikatoka buluu. Baba alirudi mchana akiruka vidato. "Buluu, mama! Buluu tupu!" Nyuma ya pazia nyanya akasema alhamdulillahi. Alhamisi ya pili buluu, na ya tatu. Daktari akafurahi, akapunguza sindano kutoka vipimo arubaini hadi thalathini. Mwezi uliofuata akashusha hadi ishirini, halafu kumi. Na aliyekuwa akidunga kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, ni mamangu.

Hapo ndipo hasira zangu hunipanda. Nilimwuliza nilipokuwa mkubwa: hukuona? Alisema aliona. Aliona bangili za mamake zikiteleza hadi kwenye kiwiko, aliona mtungi ukijazwa mara mbili kwa siku, aliona sisimizi wamerudi na akawa anawamwagia maji mapema kabla mumewe hajaamka. Mwanzo alijiambia dawa ni ile sindano, na chupa ni mambo ya faili tu. Sindano ilipoanza kupunguzwa alielewa, lakini kila Alhamisi iliyopita iliufanya ukweli uwe mzito zaidi kuutamka. Mara mbili alianza, "Jaffar, chupa ile..." na mara zote mbili akamalizia, "...kifuniko chake chavuja." Baba alinunua kifuniko kipya.

Wakati huo mama alikuwa na mimba, na mimba yenyewe ni mimi. Alikuwa akienda kwa mkunga wa mtaani. Hospitali hakwenda, ingawa baba alimsihi. Alikuwa akiogopa kuombwa chupa ya pili, ya mkojo wake mwenyewe, ambayo ingefika meza ile ile ya baba.

Alhamisi moja, mama akiwa katika mwezi wa saba, baba alipokwisha kupata buluu yake aliamua kupima na jambo jingine. Aliuchemsha mkojo mtupu katika neli ya kioo, na sehemu ya juu ikafanya wingu jeupe. Alidondoshea tone la asidi ya siki. Wingu la chumvi za kawaida huondoka hapo, lakini lile halikuondoka. Liliganda kama ute wa yai ndani ya maji ya moto, na kwa kweli ni kitu cha jamii moja na ute wa yai: ni protini, ambayo figo nzima haiwezi kuiachia ipite. Baba akaona sukari imeshindwa lakini imeacha figo za mkwewe zimeharibika.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, hakula. Alikaa juu ya busati orofani, akamwambia mama, "Khairiya, figo za mamako zachoka."

Mama aliivuta kanga ikafunika miguu yake.

"Miguu yake imevimba?"

"Miguu ya mama imekuwa vijiti."

"Na uso? Akiamka uso haujai?"

"Mama hana uso, Jaffar. Mashavu yote yamekwisha."

Baba hakuelewa. Protini ile ndiyo inayoyashika maji yakae ndani ya mishipa. Ikivuja hivyo, maji hutoka yakajaa miguuni na usoni, na mgonjwa anavimba. Alimweleza mkewe hivyo, polepole, kama alivyomweleza habari za magadi na mfupa wa kuku. Alisema hesabu haimkubali, kwamba katika kitabu kizima hakuna mtu wa namna hiyo, mwenye mkojo wa mtu aliyevimba na mwili wa mtu aliyekauka.

Mama alikuwa amekatazwa kusema, na hakusema. Aliusukuma mguu wake kutoka ndani ya kanga akauweka mbele ya mumewe. Mtali wa fedha ulikuwa umezama kwenye nyama. Baba aliutazama, kisha akabonyeza kwa kidole gumba juu ya mundi, mbele ya mguu. Alipoondoa kidole shimo likabaki, na likaendelea kubaki.

"Chupa ni yako," alisema.

Mama aliinamisha kichwa.

"Zote?"

Alikuwa analia sasa, na kilio kile kilitosha. Baba alishuka ngazi bila viatu. Alisema hodi mara moja, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakungoja karibu. Alilishika pazia akalifungua.

Aliniambia mwenyewe kwamba kilichompokea ni udi. Nyanya alikuwa akifukiza chumba asubuhi na jioni, na chini ya udi ule ndipo palipokuwa na harufu nyingine, ya mapera yaliyoiva yakapitiliza. Ni harufu ya mafuta ya mwili yanapochomwa bila sukari, na baba aliijua vizuri. Ilikuwa hatua mbili kutoka mahali aliposimama kila siku kusema sabalkheri. Nyanya alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, anapumua kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyekimbia njia yote kutoka Makupa. Baba alielewa pumzi zile. Damu imekuwa kali, na mwili unautoa ukali wake kwa pua kadiri unavyoweza. Alipiga magoti akamwita mama, mama, na nyanya aliinua mkono taratibu akavuta ncha ya leso afunike uso wake.

Alipelekwa hospitali kwa motokaa ya jirani, na mama naye, kwa kuwa uvimbe na protini ile ni hatari kwa mwenye mimba, akalazwa saa ile ile, wadi ya pili. Muuguzi alitoa mkojo wa nyanya kwa mpira akaupeleka maabara. Kalama alikuwa zamu. Baba alisimama mlangoni.

"Pima wewe," alisema. "Mimi n'takaa nje."

Kalama alichemsha, akatoka ameshika neli kwa kibano. Nyekundu ya tofali, na imetuama nzito. Baba aliyekuwa ameiombea buluu miezi mitano aliitazama nyekundu ile akamshukuru Mungu kwa sauti, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliambiwa kweli.

Walimtia insulini na maji ya chumvi mshipani. Siku ya pili pumzi zilitulia. Siku ya tatu alifumbua macho, akauliza nani yuko nje ya lile pazia la magurudumu linalowekwa kando ya vitanda vya wagonjwa. Mama alikuwa ameruhusiwa kuketi naye, na ndiye aliyeyasikia maneno haya.

"Ni Jaffar, mama," Khairiya alimjibu.

"Jaffar."

"Naam, mama."

"Wameniambia nimepimwa. Umenipima wewe?"

"La, mama. Sikuugusa. Amepima Kalama."

"Kalama nani?"

"Mgiriama, nifanyaye kazi naye. Yupo siku zote."

"Mbona hukunambia tangu hapo kuwa yuko Kalama?"

Jibu la swali hilo mimi hadi leo sijamtafutia baba.

"Ulitoka rangi gani?"

"Mwekundu, mama."

"Na ule wa Khairiya, uliokuwa ukipeleka?"

"Buluu."

"Buluu ndiyo njema?"

"Ndiyo njema, mama."

"Basi mimi nalikupa kilicho chema, mwanangu," nyanya alisema. "Nyumbani mwangu hukula makombo hata siku moja. Ningekupaje hicho?"

Mama anasema alimsikia baba akilia upande wa pili wa pazia, na kitambaa kilikuwa kikitikisika kwa sababu alikuwa amekishika. Hakukivuta. Alikuwa anangoja aambiwe karibu, na nyanya alikuwa amekwisha kusinzia.

Alifariki Jumatano asubuhi. Moyo nao hupiga kwa chumvi, na zake zilikuwa zimekwenda na mkojo kwa miezi mitano. Daktari alizirudisha kadiri alivyojua lakini hazikutosha. Mimi nilizaliwa siku kumi na tisa baadaye, kabla ya wakati wangu lakini mzima, kwa sababu mama aliyepimwa kwa bahati alitibiwa, na nikapewa jina la Mwanatumu. Baba alifanya kazi ile miaka kumi na saba zaidi. Chupa yoyote iliyotoka kwa jamaa alimkabidhi Kalama bila kuigusa. Kuhusu radhi, mama aliniuliza mara nyingi kama mguu ni sawa na ulimi. Nilimwambia si sawa, naye hakuniamini.

Sasa sukari imenipata mimi. Mume wa binti yangu, kijana mwema, alikuja juzi na kile kijimashine cha kupimia damu, akaketi mbele yangu, akanyoosha mkono akitaka kidole changu. Mimi, niliyewalaumu wafu miaka yote hii, nilikificha kidole ndani ya kanga. Alingoja. Nilipokitoa machozi yalikuwa yakinitoka, naye akanibembeleza, akidhani naogopa sindano.